Beringi ya Katikati

Kusini mwa Indiana, katika kaunti walikoishi kina Vandiver, mtu akiharibikiwa na mashine ya kukatia nyasi alielekezwa kwa Lowell Vandiver. Wengine walikuwa na vipimo, Lowell alikuwa na vidole. Alikaza nati ya shafti ya kisu huku akiizungusha kwa mkono, anaongeza kidogo, anarudisha kidogo, basi. Nati ikilegea, shafti hucheza na kisu huacha nyasi za ngazingazi. Ikizidi kukazwa, beringi, yaani zile gololi zinazoizungusha, huungua. Nafasi iliyo kati ya hayo mawili ni nyembamba, na Lowell aliijua kuliko njia ya kanisani.

Kisha akaugua saratani. Ilitibiwa ikapona, lakini dawa zikamwachia ganzi ya vidole. Daktari alisema huenda itaisha. Twyla, mkewe, aliyekaa kaunta akiuza vipuri, alisema isipoisha watauza duka, maana mnunuzi yupo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kuuguza mtu na kuendesha biashara peke yake. Basi majira ya baridi yalipokuwa yakiisha Lowell akamwambia vidole vimerudi, vizima kabisa. Uongo mtupu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo Lowell alishakiona na hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni kukaa nyumbani akitazama magari yakipita.

Alijisogeza kwenye kazi zinazotaka macho tu, mikanda na kunoa visu. Mwezi wa Mei akaja Harlan Pruett, mtunza makaburi, na mashine ambayo shafti zake zote tatu zilikuwa zinalia. Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani ilikaribia, kaunti nzima ingemiminika makaburini na maua na bendera ndogo, na Harlan asingekubali wawakute wazazi wao wamezama majanini.

Lowell akatia beringi mpya, akazipaka grisi, akaanza kukaza. Aliiona shafti ikizunguka, ila vidoleni hakupata habari yoyote. Akakisia. Ya katikati akaiongezea kidogo, kama mpishi asiyekumbuka kama ameshatia chumvi.

Yeye na Harlan wakavitoa visu, wakawasha mashine ikazunguka kitambo, wakazima. Jaribio la hapo kila fundi analijua: unaweka kiganja juu ya kasha la chuma linaloshika beringi. Likiwa vuguvugu ni sawa, usipoweza kulishika umekaza mno. Lowell akagusa la kushoto, la kulia, kisha akaegemeza kiganja kwenye la katikati huku akimsimulia Harlan habari za kambare wa bwawani. Akasema yote ni vuguvugu tu. Harlan, ambaye haamini hata utabiri wa mvua mpaka alowe, akanyoosha kidole kando ya mkono ule. Akakirudisha mbio na neno lisilosemwa makaburini. Kisha akatazama. Kiganja cha Lowell bado kilikuwa pale pale.

"Lowell," akasema polepole. "Toa mkono."

Ngozi ilikuwa imeiva na kuanza kuvimba. Harlan alikuwa mtu wa kutania hata maiti, na siku ile hakutania. Akaenda kumwita Twyla, kisha akatoka nje kukagua matairi ya gari lake, ambayo hayakuwa na tatizo.

Twyla alikuja na taulo la maji baridi. Akautazama mkono, akaitazama mashine.

"Tangu lini?"

"Havijawahi kurudi."

"Na mimi kila Jumapili nasimama kanisani namshukuru Mungu kwa vidole vyako."

"Ungeuza duka."

"Ningeuza, ndiyo."

Kisha Lowell akaifungua ile shafti, akatia beringi nyingine kwa mkono mzima, akamsogezea mkewe spana. Twyla akamkumbusha kwamba yeye anauza mikanda. Lowell akamwambia azungushe.

Ikawa kazi kumweleza, kwa kuwa jambo lile hajapata kulisema kwa maneno. Isilegee, isigande, ikuvute kidogo. Twyla hakuelewa. Lowell akafikiri, akamtajia mchuzi wake mweupe wa soseji, ule anaoukoroga na unga mpaka unakuwa mzito.

"Pale kijiko kinapoanza kuwa kizito, kabla hujaepua. Pale pale."

Twyla akafumba macho. Akazungusha, akakaza, akazungusha, akarudisha kiasi cha unywele. "Hapa," akasema. Lowell hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Alivitazama vidole vya mkewe kwa wivu, wivu hasa, na aliona aibu baadaye tu.

Wakazirudia zote tatu, wakawasha, wakazima. Safari hii Harlan, aliyekuwa amerudi ndani, ndiye aliyeweka kiganja. Akakiacha pale muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali.

"Duka haliuzwi," Twyla akamwambia mumewe, akijifuta grisi. "Lakini ukinidanganya tena, nakuuza wewe."

Harlan akapakia mashine, kisha akarudi mlangoni akikuna shingo. Akasema kamati ya makaburi itauliza nani amezitengeneza shafti. Kama Lowell anapenda, yeye atajibu kama miaka yote, kwamba ni Lowell, na siri itabaki humu ndani. Lowell aliuona wema ule, akautamani.

"Sema ni Twyla," akajibu. "Na wakiwa na mashine nyingine, wamletee yeye."