Bia ya Barazani kwa Kamate

Jumanne moja ya mwaka 1977, saa nne asubuhi, fundi nguo Kamate alikuwa barazani kwake, mtaa wa Ngezi, akishona upindo wa suruali, lori la serikali lilipopanda baraza na kumuua. Dereva Firmin alishuka akiyumba, akaomba kiberiti. Alikuwa amelewa tangu Jumapili, na mji mzima wa Bunia ulijua.

Matanga yalipokwisha, Kavira, mjane wa Kamate, aliona povu likitoka katika shimo lililochimbwa na gurudumu. Alichovya kidole, akaonja. Ilikuwa bia, tena baridi.

“Ni ile yenye Firmin alikunywa,” alisema jirani yake Bibiane, akiendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. “Udongo inaikataa.”

Kavira alifunika shimo kwa sufuria ili kuku wasilewe, akaenda ofisi ya serikali kudai fidia. Hakutafuta utajiri. Alitaka serikali ikiri kwa maandishi kwamba lori lake ndilo lililoua, na iwatunze watoto wanne aliowaacha Kamate, maana cherehani nayo ilisagwa siku ileile.

Karani Henri, ambaye kazini hakuitwa Henri kwa kuwa miaka ile serikali ilikataza majina ya ubatizo, yakaachwa mlangoni pa ofisi, na kila mwanamke akaitwa citoyenne, yaani mwananchi, alimpokea vizuri. Serikali hupokea vizuri sana. Kutoa ndiyo kazi. Alifungua faili lake.

“Citoyenne, dosie yako iko sawa. Inabakia tu constat. Watu wafike pa fasi ya ajali, waangalie, waandike.”

“Watakuya siku gani, baba?”

“Siye hatuna mafuta ya motokari. Vumilia.”

Alivumilia miezi kumi na minne. Nenda rudi, nenda rudi, hata mlinzi wa ofisi akajua watoto wake kwa majina. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini Kavira aliona wanaokula ni wengine. Siku moja alichoka, akamwambia Henri kwamba pale alipofia mume wake hata udongo unatoa bia, ila serikali haitoi karatasi.

Henri akaweka kalamu chini.

“Bia ya namna gani?”

“Ya baridi.”

Kesho yake mafuta yalipatikana. Walifika watu sita na glasi zao, wakiletwa na Firmin kwa lori jipya. Walikuwa watu wa adabu: kila mmoja alimwagia marehemu kidogo chini kabla ya kunywa. Walipima shimo kwa mita, wakaandika mistari miwili, wakanywa. Jioni Henri alitangaza kwamba constat haijaisha. Walirudi Alhamisi, wakarudi Ijumaa, wakarudi kwa miaka mitatu. Firmin naye alinywa, kwa kuwa haikuwa vizuri kumwacha mtu na kiu.

Mwaka 1981 barua ilikuja, ina mihuri mitatu. Henri aliisoma kwa sauti, amesimama palepale barazani. Ardhi na vyote vilivyo chini yake ni mali ya serikali, iwe dhahabu, iwe bia. Citoyenne Kavira ameteuliwa kulinda shimo na kuosha glasi, bila mshahara. Barua iliishia hapo.

“Na Kamate, baba?”

“Kamate iko mu dosie,” alisema Henri, akimnyooshea glasi.

Kavira alitamani kumvunjia glasi ile usoni. Aliwaza watoto wanne, akaijaza. Glasi ilifurika, na bia ikamwagika kidogo juu ya barua.

Kiza kilipoanza kuingia, wakubwa walipanda nyuma ya lori wakiimba. Firmin alimalizia ya kwake amesimama, akatafuta mlango wa lori kwa kupapasa. Siku hizi akina mama wa Ngezi wakisikia injini ile ikiwaka, huwaita watoto wao waingie ndani, na Kavira huwaita wa kwake.