Matanga ya Shangazi Rael

Nahashon alikuwa bawabu wa jengo moja refu la ofisi huko West Bay, katika nchi moja ya Kiarabu, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ile nyingine: kuwauzia wenzake wa Sanaiya, kambi ya wafanyakazi wa kigeni, sarafu za kidijitali kwa simu. Alijua fika kwamba serikali ya pale imepiga biashara hiyo marufuku. Alijua pia kuwa benki huchungulia sababu ya kila malipo, na hapo ndipo akili yake ilipomdanganya.

"Boss, hapa penye sababu tuandike nini?" Mutai, mteja wake wa kwanza, alimuuliza.

"Andika mchango wa matanga ya shangazi. Nani atauliza Mkenya mambo ya matanga?"

Kusema kweli, hoja ilikuwa na uzito. Sisi tukisikia msiba tunachanga, hata marehemu akiwa jirani ya binamu ya mtu. Tatizo ni kwamba Nahashon hakujua kushiba. Matanga yalianza Januari na kufika Juni yalikuwa bado yanachangiwa, tena wachangaji walizidi kuongezeka, wakiwemo Wanepali ambao hata Kakamega hawajui iko upande gani. Ni maiti gani huyo asiyezikika? Benki nayo ilijiuliza hivyo hivyo. Ikafunga akaunti yake, mshahara ukiwa ndani, kisha ikamwita.

Aliyempokea alikuwa Cherotich, dada mpole wa kitengo cha kukagua malipo, tena Mkenya mwenzake. Nahashon alimshukuru Mungu mapema mno.

"Pole kwa msiba, kakangu," Cherotich alisema. "Faili hili nikilipeleka polisi utarudishwa nyumbani, kwa hivyo nisaidie nilifunge. Shangazi ninayemwona hapa ni mmoja tu, huyu Rael unayemtumia pesa za matumizi. Ndiye marehemu? Sema ndiyo, niandike, halafu utaniletea kibali cha mazishi."

Kibali hakikumtisha. Binamu yake angemtafutia cha uongo kabla ya jua kutua. Neno lenyewe ndilo lililomshinda. Rael ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na ndiye aliyeuza ng'ombe wake wa pekee ili yeye apate viza. Alifungua mdomo amzike, mdomo ukakataa. Macho yakamjaa machozi mbele ya mtu wa benki, na aibu ikamshika.

"Yuko hai, madam. Ni mimi nilikuwa nauza coin."

"Najua yuko hai. Pesa ulizomtumia Jumatatu alizitoa siku hiyo hiyo." Cherotich alimsogezea karatasi ya ahadi. "Tia sahihi hapa. Mshahara utaupata, biashara imekufa. Ungesema ndiyo, faili ningelipeleka polisi."

Alipotoka nje, jua likimchoma utosini, Nahashon alimpigia Rael.

"Mbona unapiga mchana? Umefutwa?"

"Hapana, shangazi. Nilitaka tu kukusikia."

"Nahashon, sema umefanya nini."

Akamweleza yote, hakuficha hata Wanepali. Rael alicheka mpaka akakohoa.

"Miezi sita mnanizika," alisema. "Hata mmoja hakunililia?"

"Mimi, shangazi. Leo."