Mgao wa Jeni ya Kalisti

Mimi sijasoma sana, lakini ujinga nautambua hata ukija na viti vyake. Walikuja wanane, baba mkwe na wachimbaji, saa nne asubuhi, wakaketi mlangoni kwangu hapa Rwamgasa, na mume wangu Kalisti yuko ndani anaungua homa kwa kidonda cha mguu.

Ni hivi. Mwaka jana watafiti walipima damu za wachimbaji wa dhahabu, kwa Kalisti wakakuta jeni adimu. Daktari akanieleza taratibu: mwili una walinzi wa kuzaliwa nao, mdudu akiingia tu wanamrukia. Jeni hiyo ndiyo inayowaambia basi, tulieni. Ya Kalisti ni mbovu, walinzi wake wakianza hawaachi, wanampiga mpaka mwenye nyumba. "Akipata homa, mama, usingoje kesho."

Wachimbaji walishika neno moja tu: adimu.

Nasibu wa bodaboda alipofika kumpeleka hospitali Geita, baba mkwe wangu, Mzee Bartholomeo, akaweka fimbo mbele ya tairi. Alisema mawe ya dhahabu hayatoki duarani, kule shimoni, kabla ya mgao, na jeni ni vilevile. Yeye ndiye mwenye shamba linalochimbwa, maana Kalisti katoka kwake, basi fungu la kwanza lake. Wenzake Kalisti wakadai fungu la wachimbaji, kwa kuwa kidonda kilipatikana shimoni. Mpishi wao akasema ugali wake ndio ulioikuza. Mmoja aliuliza jeni inajaza viroba vingapi, na akajibiwa kwa heshima zote.

Nilitaka kulia, hasira ikawahi. Nikapiga magoti kama mkwe.

"Shikamoo Baba. Mgao nimekubali. Daktari alisema jeni hurithiwa, kwa hiyo fungu lako unalo tayari, wewe au marehemu mama. Ni breki mbovu, Baba. Homa ndogo tu inaua."

Wenzake Kalisti wakakumbuka shughuli zao. Mpishi akasema ugali wake haukuhusika.

Mzee alibaki amekaa. "Limi," akasema. "Na Ignas. Homa ya siku moja tu."

Hao ni wanawe aliowazika kabla sijaolewa. Miaka ishirini alisema jirani yetu Philomena ndiye aliyewaroga, na kijiji kizima kilimwamini.

Akaondoa fimbo, akapanda nyuma ya Kalisti, akamshika kiunoni mpaka Geita.

Kalisti alipona. Mzee siku hizi kila Jumapili hubeba kiti chake kwenda kukaa nje ya mlango wa Philomena. Mlango bado haujafunguliwa.