Bi Radi wa Fundi Friji

Fundi friji alikuwa mtu mtulivu, ila kwa Bi Radi hakuwa na simile. Bi Radi ni shujaa wa tamthilia: mchana muuza vitambaa, lakini mji ukivamiwa hukunja ngumi, umeme ukamtoka viganjani na waovu wakajuta kuzaliwa. Msimu uliopita uliishia akiwa ananing'inia kwenye mnara unaoporomoka, na tangu hapo fundi alikaa roho juu, akibishana na wateja kichwa kikiwa ndani ya friji la mtu.

Msimu mpya ulipokuja, na mama mkwe naye alikuja. Jicho lake moja lilikufa zamani, la pili limetoka kupasuliwa, na daktari alilifunga bandeji. Mke wa fundi alikuwa na zamu za jioni, kwa hiyo fundi akabaki na mkwewe sebuleni, kila mmoja akimstahi mwenzake hadi kimya kikawa kizito. Akawasha televisheni. Baada ya muda mama akauliza huyo anayehema ni nani. Fundi akaanza kumsimulia.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili, Bi Radi alikunja ngumi na umeme haukuja. Adui yake, Bwana Kutu, akambwaga katikati ya soko, watu wakitazama. Fundi alihisi kama kapigwa yeye. Ulimi ukagoma kusema kweli.

"Bi Radi anamtandika, mama," akasema. "Kutu hana pa kushika."

Mama akatabasamu. Uongo ukishaota mizizi, haung'oki kirahisi. Kila Bi Radi alipoanguka, fundi alimwinua. Alipolia, fundi alisema ni machozi ya furaha. Alipokimbia kujificha ghalani, eti alikuwa anamzunguka adui kwa nyuma.

"Anazunguka sana huyu mwanamke," mama akasema siku moja, na fundi akakohoa.

Bandeji ikatolewa. Jicho lilianza na ukungu, kisha likatulia, na mama akaona hata vumbi juu ya kabati. Cha kwanza alichotaka ni kumwona Bi Radi, tangu mwanzo. Fundi alisingizia mtandao, akasingizia rimoti, lakini mkewe, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, aliwasha bila shida. Fundi akatoka uani kutengeneza friji ambalo halikuwa na ubovu wowote.

Alasiri akaitwa ndani.

"Mwanangu, huyu alipigwa," mama akasema.

"Alipigwa, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Fundi akajitetea kwamba mgonjwa huambiwa mazuri. Kisha, kwa kuwa mama aliendelea kumtazama kwa lile jicho jipya, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuweza kustahimili. Shujaa gani anabwagwa sokoni?

Mama alikunja kanga yake magotini. Akamweleza kwamba siku zile za bandeji alikuwa akijiuliza, jicho hili nalo likikataa, ataishije.

"Ningesikia kwamba hata Bi Radi alishindwa," akasema, "na kesho yake akaenda kuuza vitambaa vyake, ningelala usingizi."

Fundi alikuwa ameutukana msimu mzima kwa ajili ya kipande hicho hicho. Akaomba radhi, na mama akamwambia yamekwisha, ila hadithi yake nayo ilikuwa tamu, na asikubali mtu amdanganye kwamba hana kipaji.

Kipindi cha mwisho walikitazama pamoja. Umeme haukurudi. Bi Radi alimnasa Bwana Kutu kwa majora ya vitambaa na wauzaji wenzake wote wakivuta. Fundi akaruka kitini, akasema waandishi wamelewa, jemadari hashindi vita kwa nguo. Mama akamwambia hajui kutazama. Fundi akamjibu, tena kwa sauti, kisha akakumbuka anaongea na nani akataka kunywea. Mama hakumpa nafasi. Akamwamuru arudishe nyuma pale vitambaa vinapokazwa, amwonyeshe kosa liko wapi.

Mkewe aliporudi kutoka zamu akawakuta wote wawili wamesimama mbele ya televisheni, wakinyosheana vidole. Akauliza kuna nini.

"Keti," mama yake akamwambia, "unatuziba."