Kifuniko cha Ndegwa

Kahiga alikuwa mtu wa ng'ombe, na alihakikisha umelijua hilo kabla hujamaliza chai yake. Ukifika nyumbani kwake, kijijini Bahati, kwenye mteremko ule uliokuwa shamba la mzungu zamani, hakukuonyesha nyumba wala mahindi. Alikupeleka moja kwa moja zizini akakutajia mama wa kila ng'ombe, nyanya yake, na fahali aliyempanda huyo nyanya. Ndama aliyezaliwa mnyonge hakumlea, alimuuza kwa mchinjaji. Mwenye maziwa kidogo, vivyo hivyo. Miaka ishirini na minane alikuwa akichagua, akibakiza walio bora tu. "Mimi sifugi kwa kubahatisha," alipenda kusema, na kwa kweli hakuna aliyeweza kumbishia.

Wote walitokana na ng'ombe mmoja ambaye Ndegwa, babake Kahiga, alipewa siku mzungu alipofunga virago. Sasa ukoo ule ulikuwa umebaki na wawili. Mmoja ni Rosi, mwenye mimba ya miezi saba. Wa pili ni Kanini, binti wa Rosi, ambaye mwezi uliopita alikuwa amepelekwa Olenguruone pamoja na Abby, binti wa Kahiga, aliyeolewa huko na Kipchirchir. Wengine walikuwa wamekufa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Tangu Krismasi wamekufa wanne, na sasa Rosi mwenyewe alikuwa amesimama kando ya hori, masikio yamelala, nyasi hataki kuziona.

Tusifichane, Kahiga alikuwa na kichwa kigumu. Lakini ugumu huo hakuuanza yeye. Ndegwa ndiye aliyekuwa akichanganya dawa ya kupe kwenye dipu la mzungu, lile josho la kuogeshea ng'ombe, na kazi ilipoisha hakuondoka na ng'ombe tu. Aliondoka na kifuniko cha bati, cha mkebe wa kakao, ambacho ndicho alichopimia. Kifuniko kimoja cha dawa, debe moja la maji. Alipokuwa mahututi alimwita Kahiga akamwekea kile kifuniko mkononi.

"Kifuniko kimoja, debe moja," alimwambia. "Siku itafika mtu atakuambia kingine. Usikubali."

Kahiga akaapa, na kiapo alikitunza. Kila Alhamisi mteremko mzima uliswaga ng'ombe hadi kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na krashi, ule uchochoro wa nguzo ambamo ng'ombe huingia mmoja mmoja. Alivaa buti, akajaza kifuniko hadi ukingoni, akamimina kwenye debe na kukoroga. Watu walinyamaza akipima, hata wale waropokaji. Kisha alibeba pampu mgongoni akanyunyizia kila mnyama, wake na wa jirani. Kijana wa hapo akioa, zawadi ya Kahiga ilikuwa inajulikana: alitafuta kifuniko kingine, akakijaza maji, akakilinganisha na cha Ndegwa mpaka vikawa sawasawa, akampa na maneno yake. Vilikuwa vimefika kumi na vinne. Cha kumi na tano alimfungia Abby kwenye kitambaa cheupe, na kwa kuwa alimpenda kuliko wote, alimwongezea neno ambalo Ndegwa hakulisema.

"Hata mimi mwenyewe nikizeeka, akili ikaniruka, nikakuambia kingine, usinisikilize."

Abby alicheka, lakini aliapa.

Kwa miaka hiyo yote dawa zilikuwa zimemgeuka mara mbili. Ilianza moja, ikafanya kazi, kisha kupe wakaizoea. Kahiga akawatukana wenye maduka kwamba wanauza dawa feki, akanunua ya aina nyingine. Hiyo nayo ikaenda miaka michache, ikaisha nguvu. Akanunua ya tatu. Kila mara alibadilisha chupa, kifuniko kikabaki kile kile. Mkewe Wariara aliwahi kuichukua chupa mpya akasoma karatasi yake kwa sauti.

"Baba Abby, hapa wameandika debe moja mililita arobaini. Hicho kifuniko kinaingia ngapi?"

"Kinaingia za kutosha," Kahiga alijibu, na jinsi alivyolijibu, Wariara hakuuliza tena.

Ijumaa asubuhi alikuja Chelimo, afisa wa mifugo wa eneo hilo, ambaye kila mtu alimwita daktari. Alimpima Rosi joto, akamgusa tezi chini ya sikio, zilikuwa zimevimba kama ngumi ya mtoto. Akaligeuza sikio. Ndani yake kupe walikuwa wamepangana, wanene, miguu inacheza.

"Mmenyunyizia lini, mzee?"

"Jana."

"Jana hii ya Alhamisi?"

"Kwani kuna jana nyingine?" Kahiga alisema, na uso ukamwiva, maana alikuwa amewaona pia.

Chelimo akamdunga Rosi sindano, akasema wamechelewa lakini wajaribu. Kisha akamwomba Wariara mitungi mitatu ya kioo iliyokuwa ya jemu. Wa kwanza alitia dawa kwa kipimo cha kifuniko, wa pili kwa kipimo cha karatasi, wa tatu mara mbili ya karatasi. Akawachovya kupe thelathini thelathini, akamwaga maji, akafunika kila mtungi kwa kitambaa na kuuacha barazani kivulini. Alipopima kile kifuniko kwa bomba la sindano alikunja uso. Kahiga aliipita mitungi ile mchana kutwa bila kuiangalia. Wariara yeye aliiangalia, na kila alipoiangalia moyo ulimshuka.

Jumamosi asubuhi Chelimo alirudi, akaketi, akavuta mitungi mbele yao. Katika wa kwanza kupe wote walikuwa wanatembea. Katika wa pili walikuwa wamekufa wanne. Katika ule wa tatu, wenye dawa ambayo ingemchoma hata ng'ombe ngozi, nusu yao walikuwa wanapanda kioo kutafuta njia ya kutokea.

"Dawa feki," Kahiga alisema.

"Si feki. Chupa ya aina hii hii niliijaribu Olenguruone mwezi uliopita. Kwa kipimo cha karatasi hakubaki hata mmoja." Chelimo alikisukuma kile kifuniko juu ya meza, polepole. "Hiki kinaingia mililita kumi na nane. Hakifiki hata nusu ya kipimo. Mzee, nikuulize. Ndama mnyonge unamfanyaje?"

"Namuuza."

"Na mwenye nguvu?"

"Namwacha azae."

"Basi." Chelimo hakupandisha sauti. "Kila Alhamisi uliwaua kupe wanyonge. Walioweza kuvumilia uliwaacha, wakazaa. Watoto wao ukawachuja tena Alhamisi nyingine. Kupe jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa, mzee. Ng'ombe wako umewachagua miaka ishirini na minane. Kupe umewachagua miaka hiyo hiyo, na wao huzaana haraka kuliko ng'ombe. Umewafuga vizuri sana."

Kahiga alitaka kugomba. Aibu ilimshika, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kuiweka.

"Kwa hivyo babangu alikuwa mwongo?"

"Hapana. Dawa ya siku zake ilikuwa kali, siku hizi haiuzwi. Kwake kifuniko kimoja kilitosha. Dawa zilibadilika, nyinyi mkashika kifuniko."

Akamwambia asinyunyizie tena dawa ile, atamtafutia ya aina nyingine, na kwamba ng'ombe yeyote asitoke mteremko huu kwenda popote, hata wa kupewa mtu. Wariara alimtazama mumewe. Kahiga alikuwa anaitazama mitungi, hakuona kwamba anatazamwa.

Rosi alikufa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Povu lilimjaa puani, akapiga magoti kama anayetaka kunywa maji, hakuinuka. Ndama tumboni alicheza kidogo baada ya mama kutulia, kisha naye akaacha. Kahiga alikuwa ameweka mkono pale ubavuni na alisikia kila kitu. Alilia bila kujificha. Wariara alikuja akaketi naye kwenye majani.

"Ulinisomea ile karatasi," Kahiga alisema.

"Nilikusomea."

Kahiga angependelea atukanwe. Walikaa hivyo mpaka nzi wakaanza kuja, ndipo Wariara akasema jina ambalo alikuwa amelibana tangu jana.

"Kanini."

Kahiga aliinuka, akatafuta simu. Kanini alikuwa amenyunyiziwa hapa Alhamisi tatu mfululizo kabla ya kupakiwa. Alipanda kwenda Olenguruone na kupe masikioni, na Kahiga mwenyewe ndiye aliyesema hao wachache si neno.

Abby alishika simu haraka, sauti changamfu. "Baba, habari ya huko?"

"Kanini anaendeleaje?"

"Anakula vizuri kabisa. Ana kupe kidogo tu, wale aliotoka nao. Watu wa huku hawajazoea kupe sana, baridi ya huku si mchezo. Sasa nao ng'ombe wa hapa wameanza kuwa nao. Lakini usijali, Baba, nimewafundisha. Babake Kipchirchir alikuwa anapima kama karatasi inavyosema, nikamwambia anamwaga dawa bure. Nikamwonyesha kifuniko. Aliuliza sisi tumefuga miaka mingapi, nikamwambia tangu siku za guka, babu yangu Ndegwa. Amekubali, na mzee huyo hakubaligi kitu. Sasa kila boma hapa kilimani linatafuta kifuniko cha saizi hiyo. Alhamisi wanakuja wote."

"Abby, nisikilize. Kifuniko si sawa. Fuateni karatasi. Mwambie baba mkwe wako leo, na Kanini mfungieni peke yake."

Upande ule ng'ombe alilia mahali fulani mbali na simu.

"Baba, Rosi amekufa?"

"Amekufa."

"Pole, Baba. Pole sana." Sauti ya Abby ilikuwa imebadilika, imekuwa ya upole, ile ambayo mtu humsemesha mgonjwa. "Nilijua kuna kitu. Mama yuko hapo na wewe?"

"Mama yuko. Abby, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Lakini uliniapisha, Baba. Ulisema hata ukiwa ni wewe."

"Akili yangu iko sawa."

"Ndiyo, Baba. Pumzika kidogo, nitaongea na Mama jioni. Usijisumbue na mambo ya huku. Kifuniko nimekiweka vizuri, hakuna mtu atakayekibadilisha."