Tanboi wa Mzee Wasike

Wanaume wa ukoo wa mume wangu hawaugui. Huchoka. Baba yake alichoka kifua mpaka tukamzika, kaka yake akachoka figo, na mwaka jana mume wangu mwenyewe, Wasike, akaniambia macho yake yamechoka kidogo. Nikamjibu kwamba macho si ng'ombe wa kulima. Akacheka, akaendelea kupapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Maisha yake yote Wasike alikuwa dereva wa malori. Kampala, Lubumbashi, Lusaka, miji hiyo aliitaja kama wengine wanavyotaja vituo vya kwenda sokoni. Kwa hiyo alipotangaza hapa mtaani Bondeni, Nakuru, kwamba tutapeleka mbwa na paka Zambia kwa pikapu yetu wenyewe, majirani hawakushangaa. Mimi nilishangaa, maana ndiye ninayelala naye.

Mbwa anaitwa Pilato, kwa sababu tangu akiwa mdogo hulamba miguu ya mbele kutwa kama mtu anayenawa mikono. Paka anaitwa Siagi kwa rangi yake. Wote wawili ni wa mjukuu wetu Nekesa. Mwana wetu wa pekee, Sitati, alioa msichana wa Kabwe, huko Zambia, anayeitwa Mutale, akamleta Nakuru, wakamzaa Nekesa. Kisha Sitati akaugua ghafla, akafa. Tulimzika nyumbani Bungoma.

Mwaka ulipopita Mutale aliomba ruhusa arudi kwa mama yake. Ndugu za Wasike walikuja, wakasema mama aende lakini mtoto abaki, maana mtoto ni wa ukoo. Wasike aliwasikiliza wote, akawamiminia chai, kisha akauliza, "Akiamka usiku akimlilia mamake, nani kati yenu atakuja kumbembeleza?" Wakamaliza chai, na mtoto akaruhusiwa kwenda na mamake. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi yetu.

Basi halikukubali kubeba wanyama, kwa hiyo Nekesa aliambiwa babu atawaleta baadaye. Watu wazima huwaahidi watoto mambo ili tu wapande basi bila kulia. Lakini mtoto yule hakusahau. Kila Jumapili kwenye simu ya video, kwa Kiswahili kinachozidi kupungua, aliuliza, "Babu, Pilato anakuja lini?" Wasike huishika simu karibu na pua kama anayeinusa, na kila mara husema mtoto amekua. Jumapili moja Nekesa alikuwa ameiweka simu chini, na kwenye kioo palionekana dari ya nyumba yao tu. Wasike bado aliitazama akitabasamu. "Mama Sitati, ona vile anafanana na Sitati," akaniambia. Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Ukweli niliusikia kwa daktari wa macho mwenyewe, nilipokwenda peke yangu kumwuliza. Sukari ilikuwa imeharibu nyuma ya jicho. La kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilikuwa njiani, na mgonjwa alikuwa ameonywa asiguse usukani tena. Wasike aliporudi kutoka kliniki hiyo hiyo, aliniambia daktari amesema apunguze sukari kwenye chai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuolewa na dereva.

Jioni aliipanga safari mezani kwa vyombo vyangu. Kikombe kilikuwa Namanga, kisahani Dodoma, bakuli la sukari Mbeya, na birika likawa Tunduma, mahali malori hupanga foleni kungoja kuingia Zambia. Alijua wapi kuna kivuli cha kumshusha Pilato, wapi maji ni safi, na gesti gani mwenyewe hapigi kelele akiona paka. "Mpaka ni karatasi na heshima," aliniambia. "Karatasi zikiwa safi na wewe ukiwa na heshima, unapita." Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya zamani. Ningewezaje kumwambia nyamaza?

Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa nimemsaidia kufika hapo. Kila dereva wa lori ana tanboi, msaidizi anayekaa kushoto na kumwambia yale ambayo vioo havionyeshi. Ingia. Ngoja. Kuna baiskeli. Tanboi wa mwisho wa Wasike alikuwa Kipchirchir, kijana wa Molo ambaye sasa ana lori lake la kubeba viazi. Mimi niliirithi kazi yake bila kuiomba. Siku moja tukielekea sokoni nilisema, "Baba Sitati, mkokoteni." Akajibu, "Nimeona," halafu ndipo akakanyaga breki. Tangu siku hiyo tukawa hivyo. Mimi nasema, yeye anasema ameona, na hatukuwahi kulizungumza. Tulikwenda kanisani hivyo, tukaenda matangani Njoro hivyo, na kila tuliporudi salama nilimshukuru Mungu kisha nikajikasirikia.

Karatasi ndizo zilizotuchelewesha. Chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa ilipofika Bondeni, Wasike alikuwa amewapeleka Pilato na Siagi pamoja na mbwa wote wa mtaa, akarudi na vyeti akijiona amemaliza. Daktari wa mifugo, mama mmoja mpole anayeitwa Jerotich, alivitazama akatikisa kichwa.

"Mzee, chanjo ni sawa," alisema. "Lakini kwa hii safari wanataka chipu iingie kwa ngozi kwanza, ndio sindano ifuate. Hii cheti haisemi ni mbwa gani alidungwa. Itabidi tuanze upya, halafu tungoje mwezi."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi, mzee. Hiyo hakuna njia ya mkato."

"Mimi sina mwezi," alisema Wasike.

Jerotich alidhani anazungumzia ratiba, akamwambia asijali, Zambia haihami. Mimi nilimwelewa, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa na paka mapajani. Kumbe hakuwa akimpelekea mtoto mbwa tu. Alikuwa anakimbizana na jicho la kushoto.

Wakati wa kungoja, alisema tuwazoeze wanyama gari, maana dereva hapakii mzigo asioujua. Tungeenda mpaka Kikopey, tule nyama, turudi. Pilato alikaa kiti cha nyuma. Siagi alikuwa mapajani pangu ndani ya kikapu cha kuku, akilia kama mtu anayedai haki yake. Nilianza kazi yangu tangu getini. "Boda kulia." "Nimeona." "Bampu." "Nimeona." "Lori linatoka." "Nimeona, mama, nimeona."

Tulipopita Mbaruk barabara ilinyooka. Mbele hapakuwa na gari, na ukingo wa kushoto ulikuwa mpana, wa nyasi. Sijui kama niliamua au nilichoka tu. Nilifunga mdomo.

Alikwenda kidogo. Kisha akapunguza mwendo, akapunguza tena. Shingo yake ilisogea mbele, na mikono ikakaza usukani mpaka mishipa ikatoka. Lori la nyuma lilipiga honi, likatupita kwa hasira. Wasike akasogea pembeni polepole mpaka magurudumu yakagusa nyasi, akazima injini. Hata paka alinyamaza.

"Mama Sitati," alisema, "mbona umenyamaza?"

"Mbele yetu kuna nini?"

"Barabara."

"Na nini ingine?"

Alisogeza uso mpaka karibu na kioo cha mbele. "Sijui," akasema.

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya mwaka mzima, na yote yakanitoroka. Nikamwambia tu lile lililobaki. "Siwezi kukuambia barabara mpaka Kabwe. Nitasinzia. Nitakohoa. Siku moja nitachelewa kusema, na huyo mwenye mkokoteni ni baba ya watu."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile siku ya mkokoteni." Alipapasa funguo, hakuzitoa. "Nikipanda basi, nitashikwa mkono kama mtoto. Watanipeleka choo. Nilitaka Nekesa anione nikishuka upande wa dereva, na mbwa wake. Na mimi nimwone. Mara moja tu, mama, halafu hayo macho yaende yakitaka."

Nililia. Sikujificha, wala yeye hakuniambia ninyamaze. Tangu mazishi ya Sitati hatukuwa tumelia pamoja, kila mmoja alikuwa akimwekea mwenzake uso mkavu, na sasa tulikuwa tumekaa kando ya barabara kuu, mbwa akitupumulia shingoni, magari yakipita. Tulipomaliza alinipa leso yake, nami nikampigia Kipchirchir simu.

Alikuwa Molo akipakia viazi. Alituambia tusitoke hapo, akawaachia wengine mzigo wake, na mchana ulipogeuka bodaboda ikamshusha mbele yetu akiwa bado na vumbi la magunia. "Sasa mathe," alinisalimia kama mama yake, akaenda akasimama nje ya mlango wa dereva bila kuugusa.

Wasike alifungua mwenyewe. Alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akalizunguka gari lake kwa kulifuata hivyo, taa ya kulia, grili, taa ya kushoto, mpaka akafika upande wangu. Nilitoka na kikapu changu nikahamia nyuma kwa Pilato.

"Mzee," Kipchirchir alisema aliposhika usukani, "mpango wa Zambia bado uko?"

"Wa dereva gani?"

"Mimi. Viazi si watoto, vinaweza kungoja. Lakini Tunduma sijawahi vuka bila wewe. Nitataka tanboi."

Wasike aligeuza uso kwenye dirisha. "Tanboi lazima aone, Kip."

"Lazima ajue barabara," Kipchirchir alijibu. "Wewe ndio ulinifunza."

Hatukula nyama siku hiyo.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Jicho la kushoto halikumngoja Jerotich. Asubuhi moja Wasike aliniuliza kama mapazia bado yamefungwa, nami nilikuwa nimeyafungua tangu alfajiri, jua likimpiga usoni. Niliketi kitandani karibu naye. Nikamshika mkono.

"Basi nimekosa kumwona," alisema baadaye.

"Tusiende?"

"Mtoto anangoja mbwa wake." Alivuta pumzi. "Tukifika, wewe utaniambia vile anakaa."

"Nitakuambia kila kitu."

"Usinidanganye ati anafanana na Sitati, kama hafanani."

"Sitakudanganya."

Karatasi zilipokamilika tuliondoka Bondeni kumepambazuka. Majirani walitoka kutuaga, na mmoja wao, Wamaitha, alimfungia Pilato mifupa kwenye gazeti kana kwamba Zambia hakuna ng'ombe. Kipchirchir alikaa kulia. Wasike alikaa kushoto, amevaa koti lake la safari, kiwiko dirishani kama tanboi yeyote. Mimi nilikuwa nyuma na paka aliyekuwa ameanza madai yake tena.

Alianza kuitaja barabara kabla hatujatoka mjini. Alijua kila bampu, kila mahali maji hukusanyika mvua ikinyesha, kila mlango wa kiwanda ambako malori hutoka bila kuangalia. Mengine yalikuwa kweli. Mengine yalikuwa yamebadilishwa tangu barabara ilipochimbwa upya, na alitaja kona ambazo hazipo tena na duka la matairi ambalo limekuwa kanisa. Kwa kila moja Kipchirchir alijibu, "Sawa, mzee."

Tulipita Mbaruk. Nilipajua mahali tulipokuwa tumesimama siku ile, kwenye nyasi. Wasike akainamisha kichwa kama anayesikiliza, kisha akanyoosha mkono nje ya dirisha.

"Punda kushoto," alisema.

Nilitazama. Hapakuwa na punda. Palikuwa na nyasi na mawe ya wajenzi, na barabara mbele yetu ilikuwa tupu.

Kipchirchir alikanyaga breki, akapunguza mwendo, akapita mahali pale taratibu.

"Nimeona, mzee," alisema.