Tulivyompeleka Chiriku Shule

Kaka yangu ni fundi makochi, na fundi makochi hufanya kazi akiwa na misumari mdomoni. Huisogeza mmoja mmoja kwa ulimi, akaudaka kwa vidole, akaugonga. Kwa hiyo alipozaliwa binti asiyesikia, watu walikuja kumpa pole, lakini mimi niliyekuwa nashona vitambaa kwenye cherehani pembeni yake nilijua kwamba hao wawili wataelewana. Mtu aliyezoea kuongea kwa nyusi kutwa nzima hana shida na masikio ya mwenzake.

Mtoto tulimbandika jina la Chiriku. Ulikuwa utani, maana mikono yake haikujua kutulia. Kama angekuwa na sauti, mtaa mzima ungehama. Ishara zake zote tulizitunga wenyewe, mle mle karakana na jikoni. Baba yake alikuwa kidole mdomoni, kwa ajili ya misumari. Mama yake, yaani wifi yangu, alikuwa kidole shavuni, pale alipo na kidoa cheusi. Mimi shangazi mtu nilikuwa mikono miwili iliyotanuliwa kiunoni, na sioni haja ya kueleza zaidi. Tulikuwa na ishara ya njaa, ya maji, ya moto, ya kulala, hata ya paka wa jirani. Hatukuwa na ishara ya kesho. Hatukuwa na ishara ya baadaye, wala ya nitarudi. Hazikuwahi kuhitajika, kwani mtoto hakuwahi kuachwa. Wifi akienda kazini, Chiriku alishinda nasi karakana, amejilaza juu ya kochi lililokuwa linagongwa, kiganja kwenye mbao, akicheka kila nyundo ilipotua.

Alipofikisha miaka saba ikapatikana nafasi katika shule ya viziwi. Ilikuwa shule ya bweni, safari ya nusu siku kwa basi. Kila mtu alisema ni bahati, na kweli ilikuwa bahati. Hata mimi na mdomo wangu huu sikuwa na la kupinga. Huwezi kumlea mtoto wa kike kwa ishara za jikoni mpaka azeeke nazo. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kumfanya aelewe kwamba tutamwacha huko, na kwamba kuachwa si kutupwa.

"Tutamwambiaje?" nilimuuliza wifi.

Wifi yangu ni keshia wa duka kubwa. Hutabasamu kwa mshahara tangu asubuhi hadi jioni, na akirudi nyumbani uso wake huwa umechoka kuliko miguu. Alikaa kwenye fremu ya kochi isiyo na sponji akafikiri.

"Kwanza tumfurahishe," akasema. "Miezi hii ya likizo, kila Jumapili tutoke naye. Aende akiwa na shibe ya furaha. Hayo mengine tutayaona mbele ya safari."

Basi tukaanza kutembea. Jumapili ya kwanza ilikuwa bustani yenye bembea. Chiriku aliganda kwenye ile bembea hadi watoto wengine wakaanza kulilia zamu, na tangu siku hiyo ishara ya matembezi ikawa ngumi mbili zinazokwenda mbele na nyuma. Jumapili nyingine tulikwenda kwenye bwawa la kuogelea, ambako kaka yangu, asiyejua kuogelea hata kidogo, alizunguka na mwanawe kwenye maji ya magoti huku amekunja uso kama nahodha. Tukaenda stesheni kutazama treni. Huko Chiriku aliweka kiganja kwenye benchi la chuma akatutangazia kwamba treni inakuja, nasi tukamcheka, na kweli ikaja. Mimi nilikuwa nabebeshwa kikapu cha chakula na kulalamika njia nzima, lakini nisingekosa hata Jumapili moja.

Nisiwe mchoyo wa kusema ukweli: zilikuwa siku tamu. Sijawahi kuwaona kaka na wifi wakipendana vile. Walilishana matunda hadharani bila haya, wakasukumana kwenye nyasi kama vijana waliokutana jana. Kila Jumamosi jioni wifi alitikisa zile ngumi mbili, na mtoto alikimbia kutafuta viatu vyake, akalala navyo kifuani asije akasahaulika asubuhi. Kwake ishara ile ilikuwa na maana moja: tunakwenda sote, tunakula, tunachoka, tunarudi sote. Haikuwahi kuwa vinginevyo.

Likizo ikaisha kama sabuni mkononi. Ilipobaki wiki moja nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa karakana, wifi amekuja na chakula cha mchana, mtoto yuko uani na paka.

"Twendeni naye huko shule kabla," nikasema. "Aone kitanda. Tumwache saa moja, turudi mbele ya macho yake. Tumwache saa mbili, turudi. Atalia, sawa, lakini ataona kwamba tunarudi."

"Atalia mno," wifi akasema.

"Na alie! Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wifi."

Kaka alikuwa na misumari mdomoni, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akaendelea kugonga. Wifi alifunika bakuli taratibu.

"Methali hazijui uchungu wa kuzaa, wifi yangu," akasema.

Angepiga kelele ningemjibu. Aliongea kwa upole, na mimi sina mtoto, na sote tunajua kwamba sina kwa sababu sikujaliwa. Nikakanyaga cherehani. Siku ile nilinyamaza hadi jioni, jambo ambalo kaka yangu anaapa halijatokea tena.

Asubuhi ya kufungua shule walimvisha sare. Chiriku alijitazama kwenye kioo cha kabati, akazunguka, akanyoosha viganja juu: kuna nini leo? Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Niliiona mikono yake ikipanda, ikakwama hewani. Nilijua inatafuta neno ambalo hatukuwa nalo. Kisha akakunja ngumi mbili, akazipeleka mbele na nyuma.

Kaka aliona pia. Akainama kulifunga sanduku ambalo lilikuwa limeshafungwa. Na mimi, mwenye mdomo, nilimtazama mtoto akikimbilia viatu kwa furaha, nikahisi hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Kwenye basi alikaa dirishani, akatutangazia ng'ombe, lori, mvua ya mbali. Tulipofika uwanjani mwa shule alisimama kinywa wazi. Watoto walikuwa wengi na mikono yao ilikuwa inaruka kila mahali, kasi ajabu, kama yake. Alijificha nyuma yangu kidogo, mahali penye nafasi ya kutosha. Kisha binti mmoja mwenye pengo akamshika mkono, wakaenda kutazama sungura wa shule.

Mlezi wa bweni alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. "Nendeni sasa hivi akiwa anacheza," akatuambia. "Wazazi wengi hufanya hivyo. Na msije kumwona mpaka katikati ya muhula, ili azoee."

Tukaenda kwa haraka, vichwa chini. Nilipofika getini nikageuka. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya watoto, anawauliza. Kidole mdomoni. Kidole shavuni. Mikono kiunoni. Akamgeukia mwingine, akauliza tena: mdomoni, shavuni, kiunoni. Watoto walimtazama, hakuna aliyeelewa. Lugha yetu ilikuwa na wasemaji wanne duniani, na watatu walikuwa wanapanda basi.

Sikumwambia wifi nilichokiona. Alikuwa analia vya kutosha.

Mlezi alipiga simu. Mara ya kwanza alisema mtoto hali chakula, anakaa getini. Mara ya pili alisema anakula kidogo. Baadaye akasema ameanza kushika lugha, na anaishika kwa pupa, hata usiku wanakuta mikono inafanya mazoezi chini ya blanketi. Wifi alifurahi, akawaambia hata wateja dukani. "Mwanangu ana akili," alisema, na alikuwa na haki ya kujivunia. Kaka alijigonga kidole gumba mara mbili wiki ile, yeye ambaye hajawahi kukosea msumari tangu ujana wake.

Siku ya kutembelea ikafika. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya veranda, wifi ameshika mfuko wa zawadi mapajani. Chiriku akaletwa. Alikuwa amerefuka. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwetu, akatupa mkono mmoja mmoja kwa adabu, kama tunavyowapa mkono wageni, kisha akarudi kusimama ubavuni mwa mlezi.

Wifi alipiga magoti sakafuni. Akamwonyesha njaa, maji, kulala, akamwonyesha yule paka wa jirani. Chiriku aliitazama ile mikono kama mtu anayeonyeshwa nguo zake za uchanga. Halafu akamgeukia mlezi, akaanza kuongea. Sikuelewa hata neno, lakini niliona kwamba ni maneno kweli, yana mwanzo na mwisho, na kwamba ameyapanga siku nyingi.

Mlezi alimwacha amalize. Hakututafsiria.

"Anasema nini?" wifi akauliza, uso umejaa tabasamu na machozi. "Mama mlezi, tuambie, mwanangu anasema nini?"

"Anauliza alikosa nini," mlezi akasema.

Kaka yangu alisimama, akakaa.

"Anasema alifikiri labda ni ile siku alipomwaga gundi karakana," mlezi akaendelea, macho chini. "Au ni kwa sababu alivuta mkia wa paka. Anasema yuko tayari kuomba msamaha. Ila kwanza mumwambie kosa, ili asilirudie."

Wifi alijifunika uso kwa mfuko wa zawadi. Nilitaka kumshika bega, mkono haukwenda. Kaka ndiye aliyejikaza. Alimwomba mlezi amfundishe kusema, "Hukukosa kitu." Mlezi akamwonyesha, pole pole, mara mbili. Vidole vya kaka ni vinene, vina makovu ya nyundo, havikunjiki vizuri. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena, jasho linamtoka, mpaka mlezi akaitikia kwa kichwa kwamba sasa inasomeka. Akamgeukia binti yake, akamwambia.

Chiriku aliitazama mikono ya baba yake mpaka ikamaliza. Kisha akainua uso kwa mlezi, akauliza kitu kifupi.

"Anauliza kama ni kweli," mlezi akasema.

Alikuwa akimuuliza yeye, si sisi.